Nyumba ya Siku Kumi

Tangu Jumatatu Natalia alikuwa ameshona mito minne na kuifumua mitatu. Uzi ulikuwa mzima, cherehani haikuwa na kosa, mkono wake tu ndio uliokataa kutulia. Akifika katikati ya pindo anasimamisha gurudumu, anaitazama barabara, anarudi kwenye kitambaa na kukuta sindano imekwenda nje ya chaki kama mlevi aliyekosa njia ya kwake.

"Huo nao unafumuliwa," alisema Shehnaz kutoka ndani, nyuma ya meza ya vitambaa. Hakuinua kichwa. Sauti ya mkasi ukitoa nyuzi aliijua bila kutazama.

"Nashona, Mama Wasim."

"Unashona kwa kurudi nyuma. Ukifika Ijumaa utakuwa umenirudishia pamba shambani."

Wanawake hawa wawili walikuwa pamoja miaka ishirini na miwili. Shehnaz alirithi duka kwa baba mkwe wake, marehemu mzee Nazarali, pale mjini Lindi. Natalia alikuja siku moja kutoka Rasbura kuomba kivuli cha baraza aweke cherehani yake kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Mmoja anauza kitambaa, mwingine anakishona mteja akiwa bado hajafunga pochi. Mmoja akifunga Ramadhani, mwingine hali mbele yake. Mwingine akienda misa, huyu wa kwanza anaifunika cherehani isipigwe vumbi.

Kilichomkosesha Natalia utulivu kilikuwa Mwanza. Binti yake Mary aliolewa huko na kijana anayeitwa Sixbert, na alikuja Lindi mara ya mwisho miaka minane iliyopita, akiwa bado hajazaa. Sasa ana mtoto wa miaka saba, Benadetha, ambaye Natalia anamjua kwa sauti tu. Wanataniana kwenye simu, bibi anamwita mke mwenzangu, mtoto anacheka, halafu salio linaisha. Mwaka huu Mary amepata likizo ya siku kumi mwezi wa sita, shule nazo zimefungwa, akasema, "Mama, njoo. Njoo upumzike, tutembee, ulione ziwa." Nauli aliituma siku hiyo hiyo.

Ilibaki pa kulala. Kwao Natalia, kwa watu wa mama yake waliotoka huko juu Makonde, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hali sahani moja naye, hamtazami usoni, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa katikati. Wengi wameacha siku hizi, unawakuta mkwe na mama mkwe wamekaa kochi moja wanagombania rimoti. Natalia hakuacha. Marehemu mumewe Laurenti aliishika heshima hiyo kwa mama yake Natalia mpaka siku ya kumzika, na Natalia hakuona kwa nini yeye awe wa kuikata.

Mary hakubishana. Alisema Mwanza siku hizi zimejaa nyumba za kukodi kwa siku chache, apatimenti, zina jiko, vitanda, mpaka vijiko. "Tutakutafutia moja. Ila chagua wewe, mama, usije ukasema nimekutupa. Ikiwa jirani na kwangu, Benadetha atalala na wewe siku zote kumi, na mimi nitashinda hapo hapo. Ikiwa mbali, tutaonana kwa kupanga, mji huu ni mkubwa."

Simu ya Natalia ilikuwa ya vitufe, haijui picha. Kwa hiyo picha za nyumba zilikuja kwenye simu ya Shehnaz, na wiki nzima duka la vitambaa likawa baraza la kukagua vyumba vya Mwanza.

Ya kwanza ilikuwa Isamilo, ghorofa ya tatu, na meza ya kioo sebuleni.

"Meza ya kioo na mtoto wa miaka saba," alisema Natalia. "Siku kumi nitakuwa nashika meza. Na ngazi hizi unazihesabu, Mama Wasim? Goti langu la kushoto linazihesabu."

Nyingine ilikuwa Kirumba, karibu na soko. Mteja mmoja wa Kitomanga, aliyekuja kununua shuka, aliinamia simu naye bila kukaribishwa. Alisema Mwanza aliwahi kukaa miezi minne. "Pale Kirumba asubuhi unaamshwa na Msukuma, mchana unauziwa na Mkerewe, jioni Mjaluo anakupigia redio, na kati yao wote yuko Mhaya anakueleza alivyosoma. Utapenda, mama. Ila kulala, kulala hutalala."

"Mimi naenda kumwona mjukuu, siendi kuhesabu makabila," alisema Natalia, na hiyo nayo ikapita.

Moja ilikuwa na jiwe. Nyuma ya nyumba, juu kabisa ya paa, jiwe kubwa kuliko duka lenyewe lilikaa juu ya jiwe lingine, wala hukuona limeshikwa na nini. Shehnaz aliikuza picha kwa vidole viwili, akatazama pale mawe yalipogusana, akasema kwa sauti ya chini, "Hili linangoja mtu apige chafya." Wakacheka mpaka Natalia akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Halafu akarudi kwenye cherehani, na kabla ya dakika tano alikuwa amesimama tena nyuma ya bega la mwenzake. "Hebu tuone iliyobaki."

Iliyobaki ilikuwa ya Luchelele.

Mary aliiweka ya mwisho makusudi. Ilikuwa dakika nane kwa mguu kutoka mlangoni kwake. Chini yote, hakuna ngazi isipokuwa mbili za mbele. Vyumba viwili, shuka za bluu, jiko la gesi, kanisa unasikia kengele yake, njia nyembamba ya kwenda kwa Mary imepandwa michongoma pande zote. Na mbele ya nyumba, hatua kama ishirini kutoka kwenye ngazi, maji. Maji mpaka mwisho wa macho, bila ng'ambo.

Natalia aliitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Alitazama ngazi, akatazama maji, akatazama mchanga uliokuwa katikati yake.

"Picha hii wamepiga saa ngapi?" aliuliza.

"Haikuandikwa."

"Ndilo ninalouliza. Hapa maji yametoka au yamejaa?"

Shehnaz naye akaitazama upya. Alikuwa mtu wa Kilwa Masoko kabla ya kuolewa Lindi, na jambo hilo lilimwingia mara moja. Mwanza alikwenda mara moja tu, kwenye harusi ya binamu yake, siku mbili, na alichokiona ni sufuria za biriani. "Sijui," alisema. "Mchanga unaonekana mkavu."

"Mchanga mkavu maana yake maji yametoka. Kama yametoka na yako hatua ishirini, yakirudi yatakuwa wapi?" Alinyoosha kidole juu ya kioo cha simu, polepole, kutoka kwenye maji mpaka kwenye ngazi, mpaka kwenye mlango. "Na siku ya bamvua je?"

Mtu wa bara angemcheka. Lakini Natalia alizaliwa hatua chache kutoka kwenye ghuba, na tangu akiwa mtoto alijua kwamba nyumba ya pwani huichagui kabla hujaziona saa zake zote mbili, ya maji kupwa na ya maji kujaa. Mama yake mdogo alipanga Kilwa nyumba nzuri kama hiyo, alioneshwa wakati wa kupwa. Bamvua la kwanza, maji makuu ya mwezi mpevu, liliingia jikoni alfajiri, na watoto wakaamka sufuria zinazunguka chini ya kitanda. Ziwa la Rutamba alilijua pia, alikwenda huko kwenye msiba, na kweli maji yake yalitulia. Lakini Rutamba unaona ng'ambo. Unamwona mtu wa ng'ambo anafua. Maji madogo hayana pa kwenda. Haya yasiyo na mwisho, yangekaaje mahali pamoja?

"Tumpigie mwenyewe," alisema Shehnaz.

Msimamizi wa nyumba aliitwa Salumu, kijana mwenye adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeiona nyumba, ni nzuri, hongereni. Nataka kujua kitu kimoja. Maji hapo mbele, yakija juu, yanafika wapi?"

"Yakija juu vipi, mama?"

"Yakirudi. Mchana yametoka, sawa. Yakirudi yanafika wapi?"

"Mama, maji hayaendi popote. Yapo hapo hapo."

"Asubuhi?"

"Hapo hapo."

"Na mwezi ukiwa mpevu?"

Salumu akacheka, si kwa dharau, lakini alicheka. "Mama, mwezi na nyumba hii wapi na wapi? Wewe njoo tu. Ila nikwambie ukweli, kuna watu wa Dar wanaitaka kwa tarehe hizo hizo. Nitakushikia mpaka Alhamisi jioni, zaidi ya hapo siwezi."

Simu ilipokatika Natalia alirudi kwenye kiti chake. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Maji hayaendi popote. Huyo angekuwa na duka, angeuza hata mvua ya mwaka jana." Akalivuta pindo, akalishona moja kwa moja bila kusimama, kwa hasira, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo likanyooka. "Mwambie Mary nataka ile ya Kiseke."

Ya Kiseke ilikuwa upande wa pili wa mji, juu ya kilima, magari mawili mpaka kwa Mary. Waliipita siku ya pili bila hata kuijadili. Ilikuwa safi, kavu, na maji yalionekana kwa mbali kama bati. Shehnaz alisita, kidole juu ya simu. "Mama Mary, mweleze sababu."

"Nimweleze nini? Mama yake ameota sufuria zinaelea? Ataniona mshamba mbele ya watu wa mumewe. Mwambie nimeipenda ya Kiseke, basi."

Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Mary aliusoma ujumbe ule kwa macho mengine. Alipiga simu Jumatano asubuhi, na hakuuliza hali.

"Mama, katika nyumba zote hizo umechagua iliyo mbali kabisa na kwangu."

"Ni nyumba nzuri."

"Ya Luchelele ina kasoro gani?"

"Sikuipenda."

"Haina ngazi, ina kanisa, ina kila ulichosema unataka. Niliizunguka mwenyewe, nikalalia kitanda nione kama kinapiga kelele. Kasoro yake ni kuwa jirani na kwa mume wangu. Si useme tu? Miaka kumi nakutetea. Namwambia Sixbert, mama yangu hakudharau, ni mila tu, yeye ni mtu wa heshima. Sasa nyumba ya dakika nane pia imekuwa karibu mno? Nimwambie nini? Na Benadetha ameshaweka nguo zake kwenye begi, anasema anahamia kwa bibi."

Natalia alisimama katikati ya duka na simu ya Shehnaz sikioni. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi mpaka kwenye majora ya vitenge, akakwenda tena mlangoni. Shehnaz alikuwa amekunja mikono, anamtazama bila huruma hata kidogo.

"Mwambie," alisema Shehnaz, "au nimwambie mimi, na mimi nitaongeza chumvi."

"Mary," alisema Natalia. "Naogopa maji."

"Maji gani?"

Basi akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia kwa mama mdogo na sufuria, akaruka kwa Salumu na mwezi, akarudi kwenye hatua ishirini za mchanga mkavu. Kisha akasikia Mary anacheka huku anavuta kamasi.

"Mama yangu. Ziwa halipwi. Halijai. Linapanda kidogo mwaka wa mvua nyingi, miezi na miezi, basi. Leo asubuhi na leo jioni ni lile lile."

"Wewe unashinda ofisini. Ulisimama lini hapo kutwa nzima ukaliona?"

"Kila mtu anajua, mama."

"Kila mtu ni nani? Salumu?"

Kweli Mary hakuwahi kusimama kutwa nzima. Alisema atapiga tena, na Natalia akabaki na simu iliyonyamaza, hajui kama ameharibu au ametengeneza. Siku hiyo hakushona kitu. Alipanga vifungo kwa rangi, akavimwaga, akavipanga kwa ukubwa.

Alhamisi, Shehnaz alipokuwa ndio kwanza anafungua milango ya mbao, simu ikalia mlio wa picha.

Ilikuwa fimbo. Fimbo iliyochongwa ncha, imesimikwa kwenye mchanga pale pale maji yanapogusa ukavu, na juu yake imefungwa saa ya mkononi kwa kamba. Saa ilisema saa moja na nusu. Nyuma ya fimbo, ziwa. Chini Mary ameandika: "Mwenye nyumba wangu amekwenda Luchelele. Ameomba ruhusa kazini. Anasema mama atazame mwenyewe."

Natalia akakaa. Mwenye nyumba wa Mary alikuwa Sixbert, nani tena? Hakutajwa kwa jina, kama ilivyopasa.

"Saa moja na nusu," alisema Shehnaz. "Hapa kwetu maji yako wapi saa hii?"

Natalia alikuwa ameshavaa ndala. Alishuka barabara mpaka ufukweni, mwendo wa dakika tano, akakuta ghuba imejaa, maji yanalamba ukuta, watoto wa likizo wanaruka kutoka juu yake. Akarudi.

Saa tatu na nusu ikaja ya pili. Fimbo ile ile, saa ile ile, maji yanagusa pale pale. Kivuli cha fimbo tu ndicho kilichohama. Natalia akavaa ndala tena. Ghuba ilikuwa imeanza kutoka, ukuta una mstari wa unyevu wa kimo cha magoti.

"Utalichosha hilo goti," alisema Shehnaz aliporudi.

"Goti limekaa wiki nzima, acha litembee."

Saa tano na nusu, fimbo, maji pale pale. Saa saba na nusu, pale pale, ila sasa bata wawili wameingia kwenye picha na mmoja anaikagua saa. Natalia alikwenda ufukweni mara zote mbili. Mara ya pili maji ya Lindi yalikuwa mbali, wanawake wameinama kwenye matope na ndoo, mitumbwi imelala ubavu. Alisimama hapo jua kichwani. Alijaribu kuyafikiria maji makubwa namna ile, yasiyo na ng'ambo, yamekaa kutwa nzima yamegusa fimbo bila kuiacha wala kuimeza, na kifua chake kikajaa kitu ambacho hakikuwa hofu ile ya mwanzo, wala hakikuwa utulivu. Mtu ameacha kazi. Mtu amekaa juani tangu asubuhi, kwa ajili ya mama asiyewahi kumtazama usoni, anamngoja aamini.

Picha ya saa tisa na nusu ilipokuja hakwenda ufukweni. Aliketi kwenye kiti cha cherehani na mikono mapajani. Shehnaz alimwekea chai, ikapoa.

"Salumu mwisho wake jioni," alisema Shehnaz. "Watu wa Dar hawalali."

"Najua."

"Basi nimpigie?"

"Ngoja kutwa iishe. Yeye hajaondoka, mimi nitamkatishaje?"

Wakangoja. Mteja aliyetaka kitambaa cha sare aliambiwa arudi kesho. Muuza kahawa alipita, akarudi, akapita tena. Shehnaz aliitazama simu kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Saa kumi na moja na nusu simu ikalia.

Hii ilikuwa tofauti. Aliyepiga alikuwa ameingia ndani ya maji na kugeuka, ili fimbo ionekane na nyumba nyuma yake, ngazi mbili, mlango, mapazia ya bluu, na mchanga mkavu wote hatua ishirini. Maji yaligusa fimbo pale pale. Jua la jioni lilikuwa mgongoni mwake, na kivuli chake kilikuwa kimeanguka kirefu juu ya maji, kikapita ubavuni mwa fimbo, kichwa kikaelekea ngazi ya kwanza. Kilikuwa kivuli cha mtu mwembamba, mabega yameinama kidogo, suruali imekunjwa magotini.

Natalia aligeuza uso upande wa barabara, kama anavyogeuza mwanamke akikutana na mkwe wake njiani. Akaivuta khanga ikafunika mabega. Alikaa hivyo, uso pembeni, mkono wa kulia umenyooka kuelekea kwa mwenzake.

"Mpigie Salumu," alisema. "Mwambie siku kumi, kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo."

"Na Mary?"

"Mary mwambie amfikishie mwenye nyumba wake kwamba mama ameona. Amwambie atoke majini sasa, jua linazama, atashikwa na baridi." Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. "Halafu nipe hiyo simu, Mama Wasim. Nataka kuitazama nyumba."